Jina Nililolipeleka Buffalo

Tangu nirudi mnaniuliza. Kwenye kwaya mnaniuliza, kule ghalani wakati wa kula mnaniuliza, na mimi najibu "salama tu," kisha nanyamaza. Mnajua sikuwahi kuwa mtu wa maneno mengi, na tangu msiba yamepungua zaidi. Kwa hiyo naandika. Shule yangu iliishia darasa la sita kule Fizi, Kongo, mtanivumilia. Habari za tiketi na za kuomba ruhusa kazini naziacha, hazina ladha. Nitasema niliyoyaona.

Kilichonipeleka mnakijua. Mdogo wangu Yakobo, anayekaa Buffalo, alipata mtoto wa kiume, na kwetu mtoto hupewa jina na shangazi. Baba hachagui, mama hachagui. Shangazi anampakata, anamtazama usoni, analitamka jina, basi, limekuwa. Na shangazi nimebaki mimi peke yangu.

Msichokijua ni kwamba nilipoondoka Louisville nilikuwa nimebeba jina la mwanangu. Wilondja lilikuwa jina la babu yake mzaa baba, na ukoo ule wa mume wangu umekwisha, vita viliumaliza. Mwanangu mwenyewe hakuacha mtoto. Tena, tangu tulipomzika, ninyi mmeacha kuniita Mama Wilondja. Mnaniita "Mama" tu, au "Dada," wengine mnakohoa kwanza. Najua ni huruma. Lakini wiki nzima inaweza kupita jina hilo lisitoke kinywani mwa mtu yeyote, na nilianza kuogopa kwamba siku moja hata mimi nitaliona geni. Nikajiambia: nitampa mtoto wa Yakobo.

Kwa desturi yetu haifai. Mtoto wa Yakobo ni wa nyumba ya baba yetu, na jina lake hutoka katika nyumba ya baba yetu. Wilondja ni wa nyumba nyingine. Isitoshe, ni jina la kijana aliyekufa kabla ya kuzaa, na hakuna mama wa kwetu ambaye angependa mwanawe avikwe hilo. Lakini neno la shangazi halipingwi. Hilo nililijua vizuri, na ndilo nililolitegemea.

Louisville hadi Columbus: samaki ndani ya basi

Shangazi haendi mikono mitupu. Nilibeba kitenge cha Furaha, mke wa Yakobo, na mfuko wa ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu la Tanganyika, ambao hupatikana kwa shida. Niliwafunga ndani ya mifuko mitatu, nikawaweka miguuni pangu. Nilidhani nimewafunga.

Hatujafika Cincinnati, jua limeshika vioo, watu wakaanza kugeuka. Mwanamume aliyekaa mbele yangu, mwenye kofia ya timu ya mpira, akainua viatu vyake akavitazama chini. Mama mmoja akafungua mkoba wa mtoto wake akachungulia. Mimi nikatazama dirishani. Dereva alipofika mahali pa kusimama akazima injini, akaja katikati ya viti, polepole, pua juu.

"Kuna kitu kimefia humu," akasema.

Kiingereza changu mnakijua, lakini hicho nilikielewa. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. "Ni mimi. Ni samaki."

"Wamekufa lini?"

"Zamani sana."

Basi zima likacheka. Hata dereva alicheka, ingawa alijitahidi asicheke. Akauchukua mfuko wangu kwa vidole viwili, akaupeleka chini kwenye mizigo. Yule mwenye kofia akageuka kuniuliza wanaliwa vipi. Nikamwonyesha kwa mikono: mafuta, kitunguu, nyanya, pilipili. Akafumba macho akatikisa kichwa, kisha akanipa nusu ya mkate wake wenye nyama. Tukawa marafiki mpaka aliposhuka.

Baada ya Cincinnati tairi likapasuka. Tulikaa kando ya barabara, mahindi yamesimama pande zote mbili kama watu walioitwa mkutanoni. Palikuwa na kibao kidogo cha kijani chenye jina la kaunti. Nilikiegemea muda wote ule nikisubiri fundi, wala sikukisoma. Nataka mkumbuke hivyo, kwa sababu baada ya Columbus sikuweza tena kupita kibao bila kukisoma.

Columbus: Bibi Doroti na vipande vya mbao

Nyambura alinipokea. Wengine mnamkumbuka, yule msichana wa Kenya aliyepanga chumba kwangu wakati anasoma, akawa dada mkubwa wa mwanangu. Sasa anakaa karibu na Barabara ya Morse, anasomea uuguzi na kutunza wazee. Aliponiona akakimbia mikono wazi.

"Mama Wilo..." Akajikata. Mikono ikabaki hewani. "Mama. Karibu, Mama. Pole na safari."

Nikamkumbatia. Moyoni nilitamani angemalizia.

Nilitakiwa kuondoka kesho yake na Mzee Donasyani, Mrundi anayepeleka vyakula Buffalo kwa gari lenye friji. Lakini samaki aliowasubiri walichelewa, akasema tungoje siku moja. Nyambura alikuwa na zamu, hakutaka kuniacha peke yangu. Akampigia simu bibi anayemtunza kumwomba ruhusa, na yule bibi akajibu kwa sauti niliyoisikia kutoka mbali: "Mlete! Wewe nimeshakuchoka!"

Bibi Doroti anakaa katika fleti ndogo kule Whitehall. Alizaliwa Uingereza, akaolewa na askari wa hapa, akaletwa Ohio akiwa binti. Mume amekwisha kufa, nyonga hazimruhusu kusimama, lakini ulimi umepona. Tulimkuta mezani na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vya mbao vilivyopakwa rangi, mchezo wake wa utotoni. Kila kipande ni kaunti moja ya Uingereza. Unavipanga mpaka nchi nzima inatimia.

"Mgeni akae," akasema, na Nyambura akanitafsiria. "Na asiguse Yorkshire, imevunjika pembe. Anatoka wapi?"

"Kongo."

"Kongo ni kubwa. Ni mtu wa watu gani?"

Nimekaa nchi hii miaka, sikuwahi kuulizwa hivyo na mzungu. Nikasema, "Wabembe."

"Na nchi ya Wabembe inaitwaje?"

"Ubembe."

Akapiga meza, vipande vikaruka. "Sawasawa na sisi! Nyambura, mwambie. Sawasawa na sisi!"

Akaanza kuniwekea vipande mbele yangu kimoja kimoja, kama mtu anayegawa karata. Hiki ni Essex, maana yake Wasaksoni wa Mashariki. Hiki Sussex, Wasaksoni wa Kusini. Hivi viwili vilivyokaa kama goti linaloelekea baharini, Norfolk na Suffolk, watu wa kaskazini na watu wa kusini, hao wa kabila la Waangli. Na nchi nzima, England, ni nchi ya Waangli, kama mtu angesema Uangli.

Nyambura aliacha kutafsiri. "Ngoja kwanza," akasema. "Ni kama kwetu! Turkana, Samburu, Meru, hizo kaunti zetu ni majina ya watu. Mama, mimi nimefundishwa Kiingereza tangu chekechea, nimechapwa kwa sababu ya Kiingereza, na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba Essex ni watu."

"Walimu wenyewe hawakujua," Bibi Doroti akasema alipotafsiriwa. "Walidhani ni mahali."

Nikauliza walitoka wapi hao Wasaksoni. Akasema ng'ambo ya bahari, karne nyingi sana zilizopita, kwa mashua, makundi kwa makundi. Wengine waliitwa kupigana vita vya wengine, wengine walikuja kuiba, wengine walitafuta mahali pa kulima. Wenye kujua bado wanabishana.

"Kama sisi," nikasema.

"Kama ninyi. Ila wao hawakuhojiwa na mtu walipofika."

Tukacheka. Nikauliza wako wapi sasa.

"Hawapo. Nenda Essex ubishe hodi nyumba kwa nyumba. Atafungua Mhindi, atafungua Mpolandi, atafungua mtu wa Ghana. Wote watakwambia, mimi ni wa Essex. Wale wenyewe wamekuwa udongo. Lugha yao usingeielewa wewe wala mimi. Lakini mtoto akipotea sokoni huko leo, akiulizwa anatoka wapi, analitaja jina lao."

Nilikishika kile kipande mkononi. Ni kidogo, kinatosha kiganjani. Fikirini, ndugu zangu. Watu ambao hakuna hata mmoja anayekumbuka sura zao, hakuna anayelia kwa ajili yao, na kila siku wanaitwa. Wanaitwa kwenye barua, kwenye treni, kwenye matangazo ya mpira. Wameitwa asubuhi hii, mimi nikinywa chai Ohio.

"Na wa Magharibi?" nikauliza. "Kuna wa Mashariki na wa Kusini."

"Hao ndio waliokuwa wakubwa kuliko wote. Wessex. Mwishowe wafalme wao ndio walioitawala nchi nzima. Kitafute kipande chao."

Nilitafuta mezani, nikatafuta sandukuni. Yeye ananitazama anatabasamu.

"Hakipo," akasema. "Wenye nguvu kuliko wote hawana hata kaunti. Na tazama hiki."

Kilikuwa kipande kidogo kuliko karibu vyote, rangi imechubuka kwa kushikwashikwa. Middlesex, Wasaksoni wa Katikati. Hao walikuwa watu wachache, akasema, hata wafalme wao hawajulikani, mji wa London umeikalia nchi yao karibu yote. Na hapo ndipo alipozaliwa yeye. Alipokuwa tayari yuko Ohio, serikali yao iliifuta kaunti ile, ikaigawa kwa London na majirani. Dada yake akampigia simu: "Doroti, hatupo tena."

"Ikawaje?" nikauliza.

"Ikawa vilevile. Dada yangu aliandika Middlesex kwenye anwani yake mpaka anakufa, na barua zilimfikia. Watu wanaandika mpaka leo. Serikali inaweza kuifuta kaunti. Mdomo wa watu hauna kifutio."

Kisha akaweka pembeni kabisa kipande kirefu chenye ncha, Cornwall. Akasema hapo ni kwa wenyeji wa kwanza, wale waliokuwako kabla ya mashua, na nusu ya jina lile ni neno la wale waliokuja, lenye maana ya wageni. Walikuta watu kwao, wakawaita wageni. Nyambura alitafsiri akanitazama.

Cha mwisho kilikuwa Kent, na hicho ndicho kilichonishika. Waliokuja Kent walikuwa Wajuti. Lakini walipofika walikuta pana jina tayari, jina la watu wengine wa kale kuliko wao. Hawakulitupa. Wakakaa ndani yake, wakajiita watu wa Kent.

"Muulize," nikamwambia Nyambura, "muulize kwa nini walichukua jina la nyumba nyingine. Nani aliwaruhusu?"

Bibi Doroti alinitazama kwa muda. Nadhani aliona kwamba sikuwa nauliza habari za Wajuti.

"Nani ajuaye, mpenzi," akasema. "Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akaamua. Mtu anakuuliza unakwenda wapi, unajibu, nakwenda Kent. Mwanao anakusikia. Kesho anajibu hivyo hivyo. Jina linakaa kwa sababu kuna mtu analihitaji kila siku."

Mimi nilichukua nusu tu ya jibu lake, ile niliyoitaka. Nikajiambia: kama Wajuti walivaa jina la watu wengine na halikuwadhuru, mtoto wa Yakobo ataweza. Tulipoaga alinishika mkono akasema, "Ukielekea Buffalo, soma vibao. Kule ni kaunti ya Erie. Hao nao walikuwa watu."

Columbus hadi Buffalo: mimi ni samaki

"Mimi sibebi watu," Mzee Donasyani aliniambia asubuhi. "Nabeba samaki. Kwa hiyo leo wewe ni samaki. Panda mbele."

Aliomba dua ndefu kabla ya kuwasha gari, akamtajia Mungu hata matairi. Nyuma yetu friji ilikuwa inaunguruma na sangara, migebuka, maharage ya kijani na magunia ya unga wa muhogo. Alipoiona mifuko yangu ya ndagala akainusa kwa furaha: "Hawa wamefungwa na mtu wa kwetu. Wananuka vizuri."

Hatujatoka vizuri Columbus nikasoma kibao: kaunti ya Delaware. Nikamuuliza Mzee, Delaware ni nani?

"Ni kaunti."

"Kabla ya kuwa kaunti."

"Kabla ya kuwa kaunti mimi sikuwapo, Mama. Nilikuwa Bujumbura."

Basi nikaendelea peke yangu. Kibao baada ya kibao, nikisoma kwa sauti ndogo, na kila jina nikijiuliza kama huyu alikuwa mtu au watu au mto tu. Hamwezi kujua jinsi barabara inavyobadilika. Nimepita kaunti za Kentucky miaka yote hii nikienda kazini na kurudi, nikiona majani na magari. Siku ile niliona kama napita makaburini, lakini makaburi yaliyo hai, ambamo kila mmoja ana mtu wa kumwita.

Njiani Mzee alikuwa na mteja wa kumpelekea migebuka, karibu na Cleveland. Tulidhani ni kushusha boksi na kuondoka. Mwenye nyumba, mama wa Bujumbura, alikuwa ameshapika. Tulikula ugali, maharage yenye mafuta ya mawese na dagaa, na tulipotaka kusimama akaleta chai. Tulipotaka kusimama tena akaleta picha za harusi. Mzee alinong'ona, "Kukataa ni matusi, kukubali ni kuchelewa." Tukachelewa. Friji ikaanza kulia nje kama mtoto aliyeachwa, ndiyo iliyotuokoa.

Tulipotoka hapo ziwa likaonekana upande wa kushoto. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa, nikadhani nayajua maziwa. Hili halina mlima ng'ambo, halina mwisho, limelala tu chini ya mawingu. "Hilo ndilo Erie," Mzee akasema. Nikakumbuka maneno ya Nyambura, ambaye usiku alinisomea kwenye simu yake: Waerie walikaa kando ya ziwa hili, wakapigwa na majirani zao vitani, mpaka kabila likavunjika, na waliobaki wakachukuliwa kuishi na makabila mengine. Lugha yao imepotea karibu yote. Nikaona kibao cha kaunti ya Erie kule Pennsylvania, na mji wa Erie, na baadaye, tulipoingia New York na kuikaribia Buffalo, kaunti nyingine ya Erie. Watu waliofutwa, na lile ziwa zima ni lao kwa jina. Nililia. Mzee alinipa karanga.

Baada ya muda nikamuuliza yale yaliyokuwa moyoni. "Mzee, wewe ungempa mtoto jina la marehemu wa nyumba nyingine?"

"Kwetu jina anatoa baba," akasema. "Shangazi anakuja kula tu." Kisha akaona sikucheka. Akaendesha kidogo. "Sikiliza, Mama. Ukimvika mtoto mchanga koti la marehemu, litampwaya. Na kila atakayemtazama hatamwona mtoto. Ataliona koti."

Nilimkasirikia mpaka tulipofika mjini.

Buffalo: mpira

Yakobo alitoka nje bila viatu, akichanganya Kifaransa chake kama kawaida. "Dada! Bon, umefika kweli! Donc huyu mzee alikuleta pamoja na samaki?" Akacheka, halafu akanitazama vizuri, akaacha kucheka, akanikumbatia. Ni yeye aliyekaa na mwanangu majira yale ya joto kabla ya mwaka wa msiba. Wilondja alikuja kwa mjomba wake kutafuta kazi ya kiwanda, akakaa mpaka baridi ilipoanza. Alirudi kwangu na viganja vyenye sugu ngumu. Nilimpaka mafuta nikimwambia, kiwanda hicho kitakumaliza. Akacheka tu.

Nyumba ilijaa. Watu wa kanisani, majirani, watoto wa Yakobo wakijibu Kiingereza kila walipoulizwa Kiswahili. Furaha alipika sombe ya majani ya muhogo na fufu, akakaanga ndagala wangu, na hakuna aliyeuliza wamekufa lini. Jumapili baada ya ibada wakaniketisha kwenye kiti katikati ya sebule, wakaniwekea mtoto mapajani. Wakangoja jina.

Alikuwa mwepesi kama mkate. Alikuwa ameamka, ananitazama kwa yale macho yasiyomjua mtu bado. Jina la mwanangu lilikuwa hapa, mdomoni, ningefungua tu midomo likatoka, na hakuna mtu duniani ambaye angelirudisha. Nikainua macho. Furaha alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, ameukunja ukingo wa kitenge nilichomletea, anausokota, anausokota. Alikuwa ananitazama mdomoni.

Nikamtazama mtoto tena. Sikuona koti. Niliona mtoto mmoja mpya, ambaye hajamkosea mtu, hajafiwa na mtu. Nikaona kwamba kama ningemwita Wilondja, kila siku ya maisha yake ningemtazama nikimtafuta mwingine.

"Etabo," nikasema.

Ni jina la baba yetu. Wakapiga vigelegele. Yakobo alilia, kwa sababu alimpenda sana baba. Furaha alikiachia kitenge. Baadaye jikoni, tukiosha vyombo, akaniambia bila kunitazama, "Shangazi, nilijua ulichokibeba. Nilikuwa nimeapa nitanyamaza. Ungelisema, ningelipokea."

"Najua," nikamwambia. Nikaendelea kuosha. Niliridhika na nilichofanya, lakini msidhani sikuumia. Nilijisikia kama mtu aliyemzika mtoto wake mara ya pili, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Nikatoka nje nikaketi kwenye ngazi. Watoto wa Yakobo walikuwa wanacheza mpira uani na watoto wa jirani. Mpira ukapigwa juu, ukapita uzio, ukaangukia upande wa pili. Ester, wa katikati, akapiga kelele kwa Kiingereza kwa wenzake:

"Umeingia Wilondja! Nani anaenda Wilondja?"

Nilisimama. Sijui nilisimamaje. "Ester," nikamwita. "Mpira umeingia wapi?"

"Wilondja," akasema, akanionyesha kwa kidole, kama mtu anayemwonyesha mgeni kilipo choo. Na mwingine akaruka uzio.

Yakobo alikuwa nyuma yangu mlangoni, amemshika Etabo. "Dada," akasema. "Ni shamba tu. Pale palikuwa na nyumba iliyobomolewa, matofali na chupa tupu. Mwanao alikuwa anatoka kiwandani anaingia pale na sururu. Majira yote yale. Sisi tulimcheka."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Sikulifikiria. Watoto walikuwa wanasema shamba la Wilondja. Donc, ni refu, wakaacha shamba, wakabaki na Wilondja. Na sisi tukafuata. Furaha juzi ananiambia, nenda Wilondja uchume lengalenga."

Nikapita lile pengo kwenye uzio. Matuta yamenyooka, yamelimwa na mtu anayejua, ingawa wanaoyalima sasa ni wengine. Lengalenga, ule mchicha wetu, imefika kiunoni, mahindi yanakauka, boga limetambaa juu ya tofali. Mama mmoja wa jirani, mtu wa Burma, alikuwa anachuma majani mwisho wa shamba. Hana Kiswahili, na Kiingereza chake ni kama changu. Alidhani nimepotea. Akatabasamu, akapiga ardhi kwa mguu, akanielekeza: "Wilondja. Wilondja. Karibu." Hilo karibu alifundishwa na watoto.

Hakuwahi kumwona mwanangu. Alihamia pale baada ya msiba.

Mtoto wa Yakobo anayemtangulia Etabo, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni wakati ule, alikuwa amenifuata. Nikachuchumaa nikamuuliza, "Wilondja ni nani?"

Akanitazama kama vile shangazi yake ni mjinga kidogo. "Ni hapa," akasema.

Nilikaa chini kwenye tuta. Nilishika udongo, nikakumbuka vile viganja. Nilikaa mpaka Furaha akaja kuniita kwenye chai, na aliponiita alisimama kwenye uzio akasema kumwambia mtu ndani ya nyumba, "Yuko Wilondja, anakuja."

Louisville tena

Nilirudi moja kwa moja, basi halikupasuka kitu. Mbegu za lengalenga nimezileta, ziko kwenye kikopo jikoni, atakayetaka aje. Nyambura nimempigia simu, amempelekea Bibi Doroti habari. Anasema yule bibi aliomba apewe sanduku lake la mbao.

Nami nina ombi moja kwenu, ndiyo maana nimeandika yote haya. Mkiniona Jumapili, msikohoe, msitafute neno jingine. Niiteni Mama Wilondja. Nitaitika.